Jumatano ya katuni: kuchagua matoleo mapya ya wiki ukiwa Uganda

Jumatano ikifika saa kumi na moja jioni, maduka ya katuni ya New York ndiyo kwanza yanafungua milango, maana kwao ni saa nne asubuhi. Wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, kwetu inakuwa saa kumi na mbili. Sisi hapa Kampala tunatoka kazini, mvua imetanda upande wa Muyenga na makondakta wa teksi za Ggaba wanaita abiria. Saa hiyo mimi hukaa kwenye benchi la mchoma chapati pale Kabalagala, nikaagiza rolex, chapati iliyokunjiwa mayai mawili, nikafungua orodha ya vitabu vipya vya katuni vinavyotoka wiki hiyo.

Nilikulia kambi ya polisi Nsambya, ambako watoto wa Waacholi, Wateso, Walugbara na Wagisu tulikutana kwenye Kiswahili uwanjani. Katuni ya kwanza iliyonishika moyo ilikuwa Shujaaz, iliyoanza Kenya Februari 2010. Ilitufikia kambini ikiwa imekunjwa ndani ya gazeti la Nairobi, imeshasomwa na watu kumi, kona zote zimeoza kwa mafuta ya mandazi. Tangu hapo sijaacha. Vijana wa kundi letu la kusoma wananiuliza kila mara ninachaguaje, na mwongozo huu ni jibu langu kwao. Ni kwa mtu mwenye pesa kidogo, simu ya kawaida na hamu kubwa.

Hatua ya 1: Hesabu pesa kabla ya kufungua orodha

Ukianza na orodha utataka kila kitu, kwa hiyo anza na mfuko. Kitabu kipya cha kurasa 20 hivi kutoka kampuni kubwa za Marekani huuzwa dola 3.99 au 4.99, na toleo la kwanza lenye kurasa nyingi huweza kupita hapo. Ukihesabu dola kwa shilingi 3,600, cha kwanza ni kama 14,400 na cha pili ni kama 18,000. Hiyo ni rolex ya siku tano au sita pale Wandegeya. Bei ya dijitali ya toleo jipya kwa kawaida haina nafuu, ni ileile ya karatasi.

Mimi hutenga 80,000 kwa mwezi. Kama 36,000 zinakwenda kwenye uanachama wa Marvel Unlimited, maktaba ya mtandaoni ya kampuni ya Marvel, ambao ni dola 9.99 kwa mwezi. Humo vitabu vipya huingia takriban miezi mitatu baada ya kutoka dukani, na vya zamani ni maelfu kwa maelfu. Zinabaki 44,000, zinazotosha vitabu vitatu vya dola 3.99. Mwezi una Jumatano nne, mara nyingine tano, kwa hiyo ipo Jumatano moja au mbili ambazo sinunui kitu. Nimeipenda hiyo Jumatano tupu. Ndiyo siku ninayorudia vitabu nilivyonavyo, na nikirudia ndipo naona kazi ya mchoraji niliyoipita mbio mara ya kwanza.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipa utaratibu wangu wa wiki: kitabu kimoja cha kununua leo, viwili vya kusubiri, na kimoja cha bure. Basi, vinne. Orodha iwe ndefu namna gani, sitoki na zaidi ya vinne.

Hatua ya 2: Jua siku zao

Jumatano ndiyo siku vitabu vipya vya Marekani hutoka. Kampuni ya DC ilihamia Jumanne mwaka 2020 ilipoachana na msambazaji wake wa miaka mingi, kisha ikarudi Jumatano mwaka 2024, kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani yanayokutuma Jumanne, yaache.

Jumapili ni siku ya Japani. Saa kumi na mbili jioni ya Kampala, Tokyo wanaingia Jumatatu usiku wa manane, na dakika hiyohiyo programu ya Manga Plus hufungua sura mpya za jarida la katuni la Weekly Shonen Jump. Manga Plus ni ya Shueisha, kampuni yenyewe inayochapisha jarida hilo, na ilianza Januari 2019. Sura tatu za mwanzo na tatu za karibuni za mfululizo unaoendelea husomwa bure. Mtu wa Tokyo na mtu wa Soroti wanasoma ukurasa mmoja kwa dakika moja, jambo ambalo nilipokuwa mtoto nisingeliamini.

Kuna na kalenda ya mbali zaidi. Kampuni za Marekani hutangaza vitabu vyao kama miezi mitatu kabla, kila kitabu na aya yake fupi, majina ya watengenezaji na bei. Nina kaunta buku ya kurasa 96 niliyoigawa kwa miezi. Tangazo likitoka na nikaona jina ninalolifuata, naliandika kwenye mwezi wake. Jumatano ikifika, nusu ya kazi imeshafanyika, na kelele za wiki hiyo hazinipeperushi.

Hatua ya 3: Ondoa majalada, punguza orodha

Orodha ya wiki inatisha kwa sababu kitabu kimoja hujitokeza mara sita, hata mara kumi, kila mara na jalada lake. Ndani ni kilekile. Majalada hayo mbadala yapo kwa ajili ya wakusanyaji, na mengine hutolewa kwa duka lililoagiza nakala nyingi. Ni kazi nzuri za mikono, sizidharau, lakini hazikuhusu wewe unayetafuta hadithi.

Hili lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwomba binamu yangu, aliyekuwa anarudi likizo kutoka Boston, aniletee vitabu viwili, na nikamtumia picha za majalada mawili. Tulimpokea Entebbe, akanipa bahasha tukiwa bado garini. Nikafungua cha kwanza, nikafungua cha pili, ukurasa ulikuwa uleule, neno kwa neno. Nilikaa kimya hadi Kajjansi. Tangu siku hiyo naandika jina la mfululizo, namba ya toleo na mwezi. Picha sitegemei tena.

Ukishafuta majalada, tazama namba. Namba 1 inavutia, na kampuni zinajua, ndiyo maana huanza kuhesabu upya mara kwa mara hata kama hadithi inaendelea. Soma ile aya ya tangazo uone kama ni mwanzo kweli au ni mlango mpya wa nyumba ya zamani. Toleo la pekee, lile linaloanza na kuisha ndani ya kitabu kimoja, lipe nafasi, kwa sababu ni rahisi kwa mfuko. Kisha kuna zile hadithi kubwa za kila mwaka zinazotapakaa kwenye mifululizo mingi ya kampuni moja, ukikosa kitabu kimoja umepotea. Hizo zote naziweka kwenye kusubiri bila kufikiri mara mbili. Zile za Marvel nitazisoma baada ya miezi mitatu ndani ya uanachama, kwa mpangilio, usiku mmoja.

Hatua ya 4: Fuata mikono

Hapa ndipo penye uzito wote, na ningekuwa na nafasi ya hatua moja tu ningebaki na hii.

Wengi wetu huchagua kwa jina la shujaa. Nampenda Batman, nitanunua Batman. Lakini shujaa hana mikono. Anayekufanya ulie au ukose usingizi ni mwandishi, mchoraji, mpaka rangi na mwandika herufi, na hao hubadilika. Jina la shujaa linabaki juu ya jalada kwa miaka 80, watu wa chini yake wanakuja na kuondoka, na ubora unakwenda nao.

Nitatoa mfano mmoja ninaoupenda. Mwaka 2013 mwandishi Jonathan Hickman na mchoraji Nick Dragotta walianza East of West, hadithi ya Marekani iliyogawanyika na ya kiama, rangi zikiwekwa na Frank Martin. Iliisha mwaka 2019 ikiwa na matoleo 45. Niliisoma yote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Jinsi Dragotta alivyochora farasi, vumbi na nyuso ngumu, nikaandika jina lake kwenye daftari na kulipigia mstari. Jina la Hickman nikaliandika chini yake, kwa namna anavyopanga siri kama mtu anayejenga ghorofa.

Miaka mitano baadaye majina hayo yalijitokeza kwenye orodha mbili tofauti ndani ya mwaka mmoja. Januari 2024 Hickman alianza Ultimate Spider-Man na mchoraji Marco Checchetto, ambamo Peter Parker ni mtu mzima, ana mke na watoto, ndipo anapata nguvu zake. Oktoba 2024 Dragotta akaja na Absolute Batman, akiwa na Frank Martin yuleyule kwenye rangi, na mwandishi akiwa Scott Snyder, aliyekwisha kumwandika Batman kwa miaka mingi tangu 2011. Humo Bruce Wayne hana kasri wala urithi. Ni mtoto wa mwalimu. Nilikuwa na sababu za kununua toleo la kwanza la kila mmoja kabla ya mtu yeyote kuniambia ni kizuri, kwa sababu nilikuwa naijua mikono. Na huyo Bruce asiye na pesa, anayejua uhandisi na kuunda vitu vyake kwa mkono, alinigusa kuliko tajiri yeyote aliyemtangulia. Ninawajua vijana wa Katwe wanaotengeneza mashine za kusaga kwa vyuma chakavu. Nilimwona mmoja wao ndani ya kitabu kile.

Sasa, namna ya kufanya. Kwenye kila kitabu unachokipenda, fungua ukurasa wa majina na uandike manne: mwandishi, mchoraji, mpaka rangi, mwandika herufi. Usimruke wa mwisho. Mwandika herufi akiwa hodari, kiputo cha maneno kinakuongoza jicho bila wewe kujua, ukisoma kwenye simu ndogo ndipo utamshukuru. Baada ya miezi sita utaona majina yanajirudia. Hayo ndiyo ladha yako.

Kisha linganisha majina ya toleo hadi toleo. Kurasa 20 kwa mwezi ni kama ukurasa mmoja kila siku ya kazi kwa mchoraji, na ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana mfululizo wa kila mwezi mara nyingi hupumzisha mchoraji baada ya matoleo machache na kuleta mwingine. Ukiona tangazo la toleo la sita lina jina geni kwenye uchoraji, hamisha kitabu hicho kutoka kununua kwenda kusubiri. Akirudi mwenyewe, rudi naye.

Hatua ya 5: Soma kurasa za mwanzo kwa jicho la mchoraji

Kampuni huachia kurasa tatu hadi sita za mwanzo siku chache kabla ya kitabu kutoka. Watu huzipitisha kidole wakitafuta vita. Mimi huzisoma mara mbili, mara ya kwanza bila kusoma maneno kabisa. Nauliza: je, najua nani yuko wapi, nani ana hasira, mlango uko upande gani? Kama picha peke yake haziniambii, basi maneno yamebebeshwa mzigo usio wake.

Mara ya pili nasoma maneno na kutazama mwanya kati ya visanduku, ule weupe mwembamba ambamo jambo hutokea bila kuchorwa. Mkono unainuliwa kwenye kisanduku kimoja, kwenye kinachofuata kikombe kimeshavunjika. Mchoraji aliyeniamini nijaze pengo hilo mwenyewe, huyo nampa pesa yangu. Nilijifunza jicho hili kwa vibonzo vya Jimmy Spire Ssentongo alivyochora kwa gazeti la The Observer. Mtu anayeweza kubeba hali ya nchi nzima ndani ya kisanduku kimoja amekufundisha kusoma visanduku mia.

Halafu jaribu mwanga wa chini. Punguza mwanga wa simu kama unavyofanya usiku umeme ukikatika na betri imebaki kidogo. Rangi zikigeuka tope jeusi, kitabu hicho kitakutesa. Subiri cha karatasi.

Hatua ya 6: Tazama umri

Nyumba zetu zina watoto wengi na simu moja. Katuni si lazima iwe ya watoto, na vitabu vingi vizuri ninavyovinunua havifai mpwa wangu wa miaka tisa. Kampuni kubwa huandika alama ya umri kwenye kila kitabu na kwenye tangazo lake. Isome kabla hujapakua. Kama unasoma kwenye simu ya pamoja, funga programu kwa namba ya siri.

Hatua ya 7: Pesa yako inahitajika wapi zaidi?

Sasa umebakiwa na vitabu vitano, sita. Kipi ununue leo, kipi kisubiri?

Ujue kwanza namna biashara hii inavyofanya kazi. Tangu miaka ya 1970 maduka ya katuni ya Marekani hununua kutoka kwa msambazaji kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba kisichouzwa hakirudishwi. Hasara ni ya mwenye duka. Kwa hiyo mwenye duka huagiza kwa woga, na hufunga oda yake wiki chache kabla ya siku ya kutoka. Mfululizo mdogo usioagizwa mapema hukatwa katikati ya hadithi, hata kama wasomaji wangeupenda baadaye.

Kwa sababu hiyo kanuni yangu ni hii. Shujaa mkubwa wa kampuni kubwa anaweza kusubiri, ataingia kwenye uanachama wa kampuni yake na hatakufa njaa. Kitabu kinachomilikiwa na waliokitengeneza, hicho nakinunua leo. Image Comics ilianzishwa mwaka 1992 na wachoraji waliotaka kubaki na haki ya kazi zao, na hadi leo waandishi na wachoraji wanaotoa vitabu kwake hubaki na umiliki. Shilingi 14,400 zangu kwenye kitabu cha namna hiyo zinafika karibu zaidi na mkono uliochora. Navunja kanuni hii mara chache, na nikiivunja sababu ni mikono, kama ilivyokuwa kwa yule mtoto wa mwalimu.

Neno juu ya nakala zinazorushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Najua kwa nini watu wanazichukua, na nimeishi bila shilingi moja mfukoni. Lakini nimekaa na mchoraji kijana wa Kampala aliyekesha miezi minne juu ya kitabu cha kurasa 32, kisha akakiona kikipita kwenye kundi la chuo chake siku ya tatu baada ya kukitoa. Aliacha kuchora mwaka mzima. Bure ya halali ipo nyingi, inatosha kukujaza.

Hatua ya 8: Nafasi ya bure, na nafasi ya nyumbani

Kitabu cha nne cha wiki, kile cha bure, mimi hukipata sehemu tatu. Manga Plus nimeshaitaja. Ya pili ni Webtoon, jukwaa la katuni lililozaliwa Korea Kusini mwaka 2004 na kufunguliwa kwa Kiingereza mwaka 2014. Huko hadithi inateremka chini kama kamba, hakuna kugeuza ukurasa, na imetengenezwa kwa simu tangu mwanzo. Ukiwa na haraka ya sura zijazo utaombwa ulipe, usipokuwa na haraka unasubiri.

Ya tatu ni kazi za Waafrika, na hapa nakusihi uweke nguvu. Fuata watu, kama ulivyofuata mikono kule juu. Hamid Ibrahim, kijana wa Kampala, ni mmoja wa waanzilishi watatu wa Kugali pamoja na wenzake wa Nigeria. Walianza kwa kusimulia na kukusanya katuni za Afrika, na mwaka 2024 wakatoa Iwájú, mfululizo wa katuni za video, pamoja na Disney. Roye Okupe wa Nigeria alipeleka vitabu vyake, Iyanu kikiwemo, kwa kampuni ya Dark Horse kuanzia mwaka 2021. Na Shujaaz, lile gazeti la mafuta ya mandazi, lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Hawa hawatoki kila Jumatano. Matangazo yao huja bila kalenda, kwa hiyo nimewasha arifa za kurasa zao na kila Jumatano naangalia kama kuna kipya.

Lugha ni kidonda kidogo. Baraza letu la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na Manga Plus inasomeka hata kwa Kithai, Kivietinamu na Kiindonesia, lakini Kiswahili bado hakimo. Ninachofanya mimi: nikimsomea mpwa wangu, namtafsiria papo hapo, kila mhusika na sauti yake. Watoto wa jirani wamezoea kuja kusikiliza. Wamempa mmoja wa mashujaa wa Japani jina la Afande.

Hatua ya 9: Kulipa na kupakua

Bando kwanza. Tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, na kitabu kimoja cha dijitali hula makumi ya megabaiti, chenye picha nzito hupita mia. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi au ya chuo, au kwa bando la usiku, kisha soma bila intaneti. Marvel Unlimited ina sehemu ya kuhifadhi kitabu ndani ya simu. Kumbuka kufuta ulivyomaliza.

Kulipa kunahitaji kadi. Kama huna ya benki, uliza mtandao wako wa simu kuhusu kadi ya mtandaoni inayochota kutoka kwenye akaunti yako ya pesa za simu, na weka ndani yake kiasi cha kitabu kile tu. Kadi yenye 15,000 haiwezi kukupeleka mbali zaidi ya 15,000, na huo ni ulinzi mzuri dhidi ya hamu ya saa tano usiku. Kabla ya kulipia uanachama wowote hakikisha Uganda imo kwenye orodha ya nchi zao, maana zipo huduma ambazo hazitufikii. Andika pia tarehe ya makato ya mwezi.

Karatasi ni habari nyingine. Usiagize toleo moja moja kutoka Marekani, nauli itazidi bei ya kitabu mara kadhaa. Subiri mkusanyo, kile kitabu kinene kinachounganisha matoleo matano au sita ya hadithi moja. Kundi letu huandika majina hayo kwenye karatasi moja, tukachanga, na mtu anayesafiri akatuletea kwa pamoja. Vingine tunavipata Nairobi, vinakuja na basi la usiku kupitia Busia. Mwambie anayekuletea abaki na risiti ya duka, forodha wakiuliza aionyeshe. Maduka ya vitabu ya Kampala, kama Aristoc, nayo yapitie kila mwezi na useme wazi unachotafuta. Mwenye duka asiyeulizwa haagizi.

Hatua ya 10: Kutunza, kisha kutoa hukumu

Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba ni adui wa karatasi, na mchwa ni adui wa mwaka mzima. Kila kitabu kiwe ndani ya mfuko safi wa plastiki na kipande cha kadibodi ngumu nyuma yake, kisimame wima ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya matofali mawili, mbali na ukuta. Nilipoteza mkusanyo mmoja mzima kwa kuuweka sakafuni chini ya kitanda. Niligundua siku nilipouvuta na jalada likabaki udongo.

Hukumu tunatoa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nyuma ya duka la simu la mwenzetu pale Nsambya, saa tisa alasiri. Kila mtu analeta vinne vyake vya kila wiki na kusema kwa nini alivichagua. Sababu ya kwamba mhusika ni maarufu haikubaliki, lazima utaje jina la mtu aliyeandika au aliyechora. Kisha tunabadilishana simu na vitabu, kimya kimya, kwa saa moja na nusu, na chai ya tangawizi inapita.

Mfululizo mpya tunaupa matoleo matatu. La kwanza linaonyesha wanachotaka kufanya, la pili mara nyingi hulegea, la tatu linaonyesha kama wanajua waendako. Mfululizo ukishindwa kwenye la tatu, unaufuta kwenye kaunta buku kwa mstari mmoja, ili jina liendelee kusomeka, na pembeni unaandika sababu. Mimi nimewahi kurudi kwenye jina lililofutwa miaka miwili nyuma, nikakuta mchoraji amebadilika na sababu niliyoandika haipo tena. Nikaliandika upya, mwezi wa Agosti, na kalamu nyekundu.